Dondoo muhimu: Kinywa cha Mkristo, kanisani na sokoni

Igowole, Mufindi, watu wa madhehebu mbalimbali hukutana sokoni, kwenye mashamba ya chai na msibani. Kabla hujafungua mdomo, zingatia haya:

1. Salimia kwa salamu ya mwenzako: "Tumsifu Yesu Kristo" kwa Mkatoliki, "Bwana Yesu asifiwe" kwa mlokole, "Kamwene" kwa mzee wa Kihehe. Salamu si mtihani wa wokovu.
2. Ukikosewa, mfuate mhusika mkiwa wawili tu. Mashahidi baadaye, kanisa mwisho (Mathayo 18:15-17). Wengi huanzia kwa mchungaji, au vibaya zaidi, kwenye kundi la WhatsApp la kwaya.
3. Usipitishe umbea kwa mlango wa maombi. "Tumwombee dada fulani, nasikia ndoa inayumba": hapo jumuiya nzima imeshapata habari, na sala bado haijaanza. Jina litajwe kwa ruhusa ya mwenyewe; Mungu anamjua hata usipomtaja.
4. Msibani, "pole sana" inatosha. Usimfafanulie mfiwa kwa nini Mungu amemchukua mwanawe.
5. Sikiliza mpaka mwisho ndipo ujibu (Mithali 18:13).
6. Uza viazi bila "haki ya Mungu vile". Taja bei, onyesha na vilivyooza chini ya gunia (Mathayo 5:37).
7. Aliyelewa ulanzi hahubiriwi. Msindikize nyumbani, mzungumze kesho pombe ikishamtoka.