Hermína Týrlová, Mama wa Vikaragosi

Watu waendao sinema huyajua majina ya wachezaji, lakini ni wachache wayajuao majina ya wale wanaovifanya vitu visivyo na uhai vicheze. Katika somo hili tutamtazama mmoja wao, Hermína Týrlová, ambaye watu wa nchi yake humwita mama wa sinema za vikaragosi za Czech. Alifanya filamu zaidi ya 60, karibu zote kwa ajili ya watoto.

Kwanza yatupasa kuijua kazi yenyewe. Sinema si kitu ila mfululizo wa picha zilizosimama. Katika sekunde moja picha 24 hupita mbele ya taa, na macho yetu, yasiyoweza kuzitenga, hudhani yanaona mwendo. Basi mfanyaji wa filamu za vikaragosi huweka kikaragosi chake mbele ya kamera, akakipiga picha moja. Kisha hukiinua mkono kidogo, kiasi cha upana wa punje ya mchele, akakipiga tena. Huendelea hivyo hivyo mpaka mkono ufike kichwani. Kwa dakika moja zatakiwa picha 1,440. Kwa dakika kumi, 14,400. Hata akikipiga picha mbili kwa kila hatua, bado ni hatua 7,200 kwa filamu ya dakika kumi. Na kosa la katikati halifutiki kama chaki ubaoni. Mara nyingi hana budi kuanza upya.

Týrlová alizaliwa tarehe 11 Desemba 1900 huko Březové Hory, mji wa machimbo karibu na Příbram. Wakati huo nchi yake ilikuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria. Chekoslovakia ilikuwa bado haijazaliwa. Alipokuwa kijana alikwenda Praha, na huko, katika miaka ya 1920, akaingia katika kazi ya michoro ya sinema pamoja na Karel Dodal, aliyekuja kuwa mumewe. Zilikuwa hasa filamu fupi za matangazo ya biashara. Ndoa ile haikudumu, lakini ufundi alioupata haukumwacha.

Hatua kubwa ya maisha yake ilikuwa Zlín, mji wa Moravia uliokuzwa na viwanda vya viatu. Jina la mwenye viwanda hivyo hatuna haja ya kulieleza sana, kwa kuwa wengi wetu tumelivaa miguuni: ni Bata. Katika mwaka wa 1936 kampuni ya Bata ilijenga studio ya filamu katika kilima cha Kudlov, nje ya mji, ili kutengeneza matangazo ya bidhaa zake. Mahali palipojengwa kwa kuuza viatu pakawa kitalu cha sinema za watoto. Karel Zeman, ambaye baadaye sifa zake zilienea duniani, naye alianzia kazi hii hapo hapo, katika miaka ya vita.

Týrlová alikuwa amekwisha pita umri wa miaka 40 alipoiongoza filamu iliyompa jina, Ferda Mravenec, yaani Ferda Sisimizi. Ferda ni sisimizi mchapakazi, mwenye kitambaa chekundu cha madoadoa shingoni, aliyebuniwa na mwandishi na mchoraji Ondřej Sekora. Wengi huihesabu filamu hiyo kuwa ya kwanza ya vikaragosi yenye hadithi kamili katika nchi ya Czech. Tukumbuke ilifanywa wakati gani. Wajerumani waliikalia nchi hiyo tangu Machi 1939 hata Mei 1945.

Vita vilipokwisha, Týrlová alitoa filamu ambayo pengine ndiyo kubwa kuliko zote alizofanya: Vzpoura hraček, yaani Uasi wa Vitu vya Kuchezea, ya mwaka wa 1946, aliyoifanya pamoja na František Sádek. Hadithi yake ni nyepesi. Mtu wa Gestapo, polisi wa siri wa Wajerumani, avamia karakana ya fundi wa vitu vya kuchezea. Fundi aponyoka. Yule mtu aanza kuvunja vunja vilivyomo, akidhani hakuna wa kumzuia. Ndipo wanasesere na wanyama wa mbao waamkapo, wakajipanga kama jeshi, wakampiga kwa silaha zao ndogo mpaka akakimbia. Katika filamu hiyo mtu halisi na vitu vya kuchezea huonekana pamoja, jambo gumu, maana mtu hujiendea mwenyewe, na vitu vile husogezwa kwa mkono picha baada ya picha. Mwaka wa 1947 ilipata zawadi katika maonyesho ya sinema ya Venice.

Kwa nini ilipendwa? Kwa sababu ilisema jambo zito kwa lugha ya mtoto. Watoto walioitazama walikuwa wamekwisha kuishi chini ya watu kama yule, nao walijua maana ya buti mlangoni. Sasa walimwona akishindwa na vitu vidogo kuliko viganja vyao, wakacheka. Mtu aliyewatisha watu miaka sita, akichekwa na mtoto, hutisha tena kwa shida.

Baada ya hapo Týrlová hakujifunga na vikaragosi vya mbao tu. Alitafuta wachezaji katika vitu vya nyumbani. Mwaka wa 1958 alifanya Uzel na kapesníku, Fundo la Kitambaa. Watu wa Ulaya walikuwa na desturi ya kufunga fundo katika kitambaa cha mkononi ili wasisahau jambo. Katika filamu hiyo fundo hilo ndilo kichwa cha mchezaji, na pembe za kitambaa ndizo mikono na miguu yake. Mwaka wa 1962 wachezaji walikuwa madonge mawili ya uzi. Mwaka wa 1963, gololi. Mwaka wa 1964, hadithi nzima ya sufu.

Hapa ndipo ilipo siri ya ufundi wake. Hakukilazimisha kila kitu kutembea kama binadamu. Kitambaa hunepa na kupeperuka, gololi hubingirika, uzi hufumuka. Yeye alikitazama kila kimoja kwanza, akajua mwendo wake, kisha akautoa moyo wa kitu hicho katika mwendo huo huo.

Katika miaka ya 1970 alimrudia Ferda wake wa zamani, akamfanyia filamu mpya. Alifariki huko Zlín tarehe 3 Mei 1993, miezi minne tu baada ya Chekoslovakia kugawanyika. Alizaliwa kabla ya dola hiyo, na akaishi kuuona mwisho wake. Lakini sisimizi wake yupo bado.

Wanafunzi wenzangu, hapa lipo la kushika. Twasema haba na haba hujaza kibaba. Kwa Týrlová huo haukuwa usemi wa kupamba insha. Ilikuwa ndiyo hesabu ya kazi yake ya kila siku. Wala hakungoja kupewa vitu vya thamani. Alianza na vilivyokuwa mezani.

JARIBIO. Chukua daftari lililokwisha tumika. Katika pembe ya kila ukurasa chora gololi, ukiisogeza kidogo kila mara, kwa kurasa 24. Kisha zipeperushe kwa kidole gumba, utazame.

MASWALI
1. Filamu ya vikaragosi ya dakika tano huhitaji picha ngapi?
2. Kwa nini vitu vya kuchezea vilifaa kumshinda mtu wa Gestapo kuliko askari wa kweli?
3. Chagua kitu kimoja cha nyumbani kwenu. Eleza kingetembea namna gani kama kingekuwa na uhai.