Mwulize Mwezi Kabla ya Kukodi Basi

Safari yetu ya kwanza ya Pangani ilikuwa na watu 22, spika mbili na majiko matatu ya mkaa. Hakuna aliyeuliza maji yanapwa saa ngapi. Tulikula wali kwanza, tukawasubiri waliochelewa kuoga, tukapanda mashua saa 9 alasiri kwenda Kisiwa cha Maziwe. Nahodha akazima injini mahali ambapo kila upande ulikuwa bahari tupu.

"Mzee, kisiwa kiko wapi?"

Akaelekeza kidole chini ya mashua. "Mko juu yake, wanangu."

Tangu siku hiyo nimeongoza makundi mengine, na haya ndiyo ninayowaambia kabla sijapokea shilingi ya mtu.

1. Fuateni mwezi wa angani, siyo mwisho wa mwezi

Makundi mengi huchagua wikendi ya baada ya mshahara. Maziwe haina habari na mshahara. Ni fungu la mchanga lililozungukwa na matumbawe. Maji yakijaa linazama, yakipwa linaibuka jeupe kama sahani. Siku zinazofuata mwezi mwandamo au mwezi mpevu ni za bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikapita mita 3. Katika pwani yetu, maji ya bamvua hupwa asubuhi, karibu saa 4, na kujaa alasiri. Hiyo ndiyo wikendi yenu. Mnatoka ufukweni saa 2, mnakikuta kisiwa kinaota jua, mnaogelea, mnakula tikiti maji, mnaondoka kabla bahari haijaja kudai mali yake. Wiki ya maji mafu mambo hugeuka: asubuhi mnayoitaka ninyi, maji ndiyo yamejaa.

Kumbukeni pia kwamba saa hizo husogea kwa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ratiba ya Jumamosi msiinakili kwa Jumapili. Jedwali la maji linapatikana kwenye simu, lakini mwulizeni na mvuvi wa hapo. Simu itakuambia maji. Mvuvi atakuambia maji na upepo.

2. Kusi si rafiki wa wageni

Katikati ya mwaka, kusi ikivuma, mawimbi ni makubwa na maji yametibuka. Utavaa miwani ya mbizi ukaone uji. Masika nayo ina matope yake. Mimi hupenda miezi ya kaskazi, kuanzia Disemba hadi Februari, au ule utulivu wa kati ya pepo mbili. Joto ni kali, ndiyo, lakini si mmekuja kuingia majini?

3. "Niwekeeni nafasi" siyo mchango

Anayesafiri ni aliyetuma pesa. Wekeni tarehe ya mwisho wiki mbili kabla, halafu muwe na roho ngumu. Kwenye hesabu msisahau kiingilio: Maziwe ni eneo tengefu la bahari, la tangu mwaka 1975, na ushuru wake haumo kwenye bei ya mashua mpaka muulize kama umo.

4. Mwulize kila mtu faraghani: unajua kuogelea?

Usiulize mbele ya watu. Mbele ya watu, hasa wakiwapo wasichana, kila mwanamume wa Dar es Salaam ni papa. Mtumie ujumbe peke yake, na uliza vizuri: umewahi kuogelea mahali ambapo miguu haifiki chini? Katika kundi letu la 22, hadharani walijitokeza 19 wanaojua. Faraghani walibaki 7.

Ukishapata idadi ya kweli, hesabu jaketi okozi kabla ya kupanda. Siyo baada, siyo "zipo nyingine kule". Kila kichwa na jaketi lake, limevaliwa na kufungwa vifungo, siyo limekaliwa kama mto. Likipungua moja, mtu mmoja anabaki au mashua inakwenda mara mbili. Hapo nahodha anaweza kukuona una maneno mengi. Msalimie tena, mpe heshima yake, na usiondoke. Mkifika, wagawe watu wawili wawili, mjuzi na asiyejua, kila mmoja aangalie kichwa cha mwenzake. Na pombe ingoje jioni.

5. Mwenye kichefuchefu akae karibu na ngama

Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mimi msemo huo nimeugeuza kuwa ushauri wa tumbo. Omo hurukaruka, tezi inanuka mafuta ya injini. Katikati ya chombo ndipo panapoyumba kidogo. Mkalishe hapo, atazame upeo wa bahari, asitazame simu. Kipande cha tangawizi kinywani husaidia wengi. Asipande na njaa, wala asipande ameshiba pilau.

6. Matumbawe ni hai, msiyakanyage

Yanaonekana mawe, lakini ni viumbe vidogo vilivyojenga nyumba juu ya nyumba kwa miaka mingi sana, na kisigino chako kinavunja kwa dakika moja. Ukichoka, elea chali, jaketi litakubeba. Zaidi ya hayo, kwenye mianya hukaa viumbe wenye miiba mirefu myeusi, ambayo hukatikia ndani ya nyama. Viatu vya plastiki vya sokoni vinatosha kwa kutembea maji yakipwa.

Waambieni wenzenu habari za kisiwa chenyewe, itawatia adabu kuliko kanuni. Zamani Maziwe ilikuwa na miti, na kasa walikuwa wakija kutaga kwa wingi. Bahari ikaila ardhi, miti ikaanguka, ukabaki mchanga. Kasa bado wanakuja, kwa sababu kasa hurudi kutaga upande aliozaliwa, lakini mayai yakiachwa hapo maji huyafunika. Ndiyo maana wahifadhi huyachimbua na kuyahamishia ufukweni Ushongo. Mkibahatika kukuta viota vinaanguliwa, mtaona vikasa vinakimbilia majini, kila kimoja kidogo kuliko kiganja. Zimeni tochi, msivishike, msivisaidie.

7. Jambo moja kubwa kwa siku

Kiongozi mpya huandika kayaki saa 1, baiskeli saa 3, mbizi saa 5, mpira saa 8. Kufika saa 6 watu wanamnunia. Maziwe ijaze siku nzima. Siku ya pili chagueni: baiskeli kwenye mashamba ya minazi na mkonge, au mashua ya taratibu kupanda Mto Pangani. Mtoni mikono ibaki ndani, mamba wapo. Mjini Pangani vaeni kanga na fulana, si nguo za kuogelea. Ni mji wa watu wazima wenye misikiti na barza zao, na ndiko Abushiri bin Salim aliyepigana na Wajerumani alikonyongwa Disemba 1889. Saa moja ya kutembea kando ya mto, mbele ya majumba ya zamani, inatosha kwa wasiopenda historia. Wanaopenda mtawakosa mpaka jioni.

8. Asiyetaka maji asionewe

Daima yupo. Mpe kazi yenye heshima: asubuhi na mapema akawapokee wavuvi, achague changu na pweza, asimamie moto. Kwetu alikuwa dada mmoja mhasibu. Jioni ile, wali wa nazi ulipopakuliwa, alipendwa kuliko nahodha.

9. Mfunikie dereva viti vyake

Jumapili maji yakimpata mtu saa 5, saa 6 atataka kupanda basi akiwa anachuruzika. Bebeni madumu ya maji baridi ya kujisuuzia, nguo kavu ndani ya mfuko wake peke yake, na magunia mawili ya kutandika. Sisi mara ya kwanza hatukubeba. Dereva alisimama mlangoni, mikono kifuani, tukakauka kwa zamu juani kama dagaa.