Somo la Wanaushirika: Kufuli za Simu na Kompyuta ya Chama



Kila chama cha msingi kina utaratibu wa kulinda kasha lake la fedha. Funguo hazikai kwa mtu mmoja, stakabadhi hufuatana kwa namba, na hesabu hufungwa jioni. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi sehemu kubwa ya daftari hilo imo katika simu ya mkononi na kompyuta ya ofisi. Humo mna majina ya wanachama, uzito wa mazao, mikopo na taarifa za malipo. Haifai basi kasha lifungwe kwa kufuli mbili, na simu iachwe mezani wazi kwa kila apitaye.

Somo hili laeleza mambo manne ya kupanga katika vyombo hivyo. Shabaha yake ni kwamba kila katibu aweze kuyafanya kwa mkono wake, na kila mwanachama aweze kuuliza mkutanoni kama yamefanywa. Mahali pa kuanzia ni sehemu iitwayo Mipangilio, ambayo katika simu nyingi hutambulika kwa alama ya gurudumu lenye meno. Majina ya sehemu za ndani hutofautiana kidogo baina ya simu na simu. Kwa sababu hiyo, ukikwama, tumia nafasi ya kutafutia iliyo juu ya ukurasa wa Mipangilio.

1. Kufuli ya laini

Watu wengi hudhani kuwa kufunga kioo cha simu kwatosha. Hakutoshi. Mwizi aweza kuichomoa laini ya chama na kuitia katika simu yake mwenyewe. Hapo atapokea namba za uthibitisho zinazotumwa kwa ujumbe mfupi, na ataweza kuwapigia wanachama kwa namba wanayoiamini na kuwataka watume fedha.

Kinga yake ni PIN ya laini. Katika Mipangilio tafuta neno SIM, kisha fungua sehemu ya kufunga kadi hiyo. Simu itadai kwanza PIN iliyotolewa na kampuni ya simu. Usibahatishe, bali iulize kampuni kama huijui. Ukikosea mara tatu, laini hujifunga na kudai namba nyingine yenye tarakimu nane, iitwayo PUK. Ukikosea PUK mara kumi, laini hufa kabisa. Baada ya kuingia, weka PIN mpya isiyo 1234 wala mwaka wa kuzaliwa. PUK iandikwe, itiwe katika bahasha iliyofungwa, na bahasha ikae katika kasha la chama.

2. Kufuli ya kioo

Weka namba ya kufungulia yenye tarakimu sita, na upange kioo kijifunge chenyewe baada ya nusu dakika au dakika moja. Kisha ingia katika sehemu ya taarifa na uzuie maneno ya ujumbe yasionekane kioo kikiwa kimefungwa. Jambo hili lina maana kubwa, kwani namba ya uthibitisho inayosomeka juu ya kioo kilichofungwa haina siri tena.

Katika kompyuta inayotumia Windows, mhasibu anapoinuka kitini abonyeze kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi L. Kompyuta hujifunga papo hapo, na kazi iliyokuwa wazi haipotei.

Kadhalika ikumbukwe kwamba namba ya siri ya fedha haitolewi kwa yeyote, hata akijitambulisha kuwa mtumishi wa kampuni ya simu au benki. Kwa walio Tanzania, ujumbe wa utapeli pamoja na namba iliyoutuma hupelekwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.

3. Tarehe na saa

Hapa ndipo hesabu za chama ziwezapo kuharibika bila mwizi. Tuchukue mfano. Mwanachama alipewa mkopo tarehe 3 Aprili 2025, na mhasibu akaandika 03/04/2025. Ikiwa kompyuta imepangwa kwa desturi ya Marekani, ambako mwezi hutangulia siku, itaisoma tarehe hiyo kuwa 4 Machi 2025. Tofauti ni siku 30. Ikiwa riba huhesabiwa kwa siku, mwanachama huyo atadaiwa riba ya siku 30 ambazo hakuwa na mkopo. Tena tarehe kama 13/04/2025 kompyuta hiyo haitaitambua kuwa tarehe, maana hakuna mwezi wa 13. Itaiacha kama maandishi tu, na orodha haitapangika.

Dawa yake ni nyepesi. Katika mipangilio ya kompyuta fungua sehemu ya saa na lugha, kisha eneo, na uchague mtindo wa tarehe unaoanza na siku. Katika sehemu ya majira, chagua mstari wenye UTC+03:00 na jina la Nairobi, kwani ndiyo saa ya Afrika Mashariki. Ikiwa kuna mtandao, iagize kompyuta ijipangie saa yenyewe. Pia kumbukeni kwamba chombo huhesabu tangu usiku wa manane, hivyo saa nane mchana kwake ni 14:00. Ratiba ya mikutano iandikwe kwa kuzingatia hayo.

Pengine kompyuta ya mezani husahau tarehe kila umeme unapokatika. Aghalabu sababu ni betri ndogo ya duara iliyo ndani yake, ambayo imekwisha nguvu. Fundi aweza kuibadilisha mara moja. Msipuuze, kwa sababu kompyuta yenye tarehe ya uongo hukataa kufungua kurasa salama za mtandao, zikiwemo za benki, na taarifa zinazohifadhiwa humo hupewa tarehe za uongo vilevile.

4. Nakala na makabidhiano

Kila mwisho wa juma, vitabu vya hesabu vilivyomo katika kompyuta vinakiliwe katika flashi, na flashi hiyo isikae ofisini ilimo kompyuta. Moto mmoja au mwizi mmoja asiweze kuchukua vyote viwili. Kila mwezi mjumbe wa kamati aifungue nakala na kuhakikisha kuwa inasomeka, kwa maana nakala isiyofunguka si nakala.

Jambo la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi: simu ya chama ni mali ya chama, si ya katibu. Simu nyingi za Android zina kinga inayodai akaunti iliyokuwemo, endapo simu itafutwa kwa vitufe bila akaunti kuondolewa kwanza. Kama akaunti ilikuwa ya katibu binafsi naye amekwenda zake, chama chaweza kubaki na chombo kisichofaa kitu. Vivyo hivyo, laini ikisajiliwa kwa kitambulisho cha mtu, mbele ya kampuni ya simu mwenye laini ni mtu huyo. Kwa hiyo fungueni akaunti kwa jina la chama, na muulize kampuni ya simu utaratibu wa kusajili laini kwa jina la taasisi. Bonyezeni *#06#, na namba ya IMEI itakayotokea iandikwe katika rejista ya mali, ili simu ikiibwa ipatikane ya kupeleka polisi.

Siku ya makabidhiano, akaunti ya mtu binafsi iondolewe, namba zote za siri zibadilishwe mbele ya mwenyekiti, na muhtasari uonyeshe kwamba jambo hilo limefanyika. Namba zenyewe zisiandikwe katika muhtasari.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Laini ya chama chetu imesajiliwa kwa jina la nani?
2. PUK ya laini hiyo iko wapi, na ni nani awezaye kuifikia?
3. Mhasibu aandike 05/06 katika kompyuta. Je, kompyuta yetu huisoma kuwa mwezi gani?
4. Nakala ya mwisho ya vitabu vyetu ilifanywa lini, na ni nani aliyeifungua kuihakiki?

Kikundi kikikosa jibu la swali lolote, na liwe ajenda ya kikao kijacho cha kamati.