Somo la 7: Kompyuta Uliyoiunganisha Mwenyewe Haiwaki

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili utaweza:

(a) kueleza njia anayopita umeme kutoka kwenye soketi ya ukutani hadi kwenye prosesa;
(b) kutofautisha kompyuta isiyopata umeme na kompyuta inayopata umeme lakini haionyeshi kitu;
(c) kutafuta hitilafu kwa hatua, ukibadilisha kitu kimoja tu kila mara;
(d) kutaja tahadhari za usalama.

7.1 Jambo la kuelewa kwanza

Umenunua vipuri kimoja kimoja, umeviunganisha, umebonyeza kitufe, na kompyuta imekaa kimya. Wanafunzi wengi wakifika hapa hukimbilia kusema, "Pawa saplai imeungua." Kwenye mtihani, jibu hilo bila sababu hupata alama chache. Nyumbani hasara ni kubwa zaidi: mzazi hutoa fedha kununua kipuri ambacho hakikuwa kibovu.

Kumbuka kwamba kompyuta hii ni mpya. Haijawahi kufanya kazi hata mara moja. Kwa hiyo, kabla ya kulaumu kipuri, chunguza kazi ya mikono yako: waya uliosahaulika, waya ulioingia nusu, au swichi iliyoachwa imezimwa.

Njia ya umeme ni hii:

soketi ya ukutani → waya wa umeme → swichi ya nyuma → pawa saplai → ubao mama (mafundi huuita mazabodi) → prosesa

Pawa saplai hupokea umeme wa ukutani, ambao Tanzania ni volti 230, na kuugeuza kuwa umeme mdogo wa aina ile ya betri: volti 3.3, volti 5 na volti 12.

Sasa zingatia sana hapa. Kitufe cha mbele ya kompyuta hakiunganishi wala hakikati umeme wa ukutani. Ukishachomeka waya na kuwasha swichi ya nyuma, pawa saplai hutoa volti 5 za kusubiri tu, zinazoufanya ubao mama uwe macho. Ukibonyeza kitufe, pini mbili za ubao mama hugusanishwa. Ubao mama huiagiza pawa saplai iwake kwa kuunganisha waya wa kijani na waya mweusi. Hapo ndipo volti nyingine zote hutoka.

Kubonyeza kitufe, basi, ni kama kupiga hodi. Usipoitikiwa, sababu ni mojawapo ya tatu: hodi haikufika, aliyeisikia hakuweza kuja, au ndani hamna mtu. Kazi yako ni kujua ni ipi.

7.2 Tahadhari

1. Zima na chomoa waya wa umeme kabla ya kugusa chochote ndani. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki kwenye ubao mama upungue.
2. Usifungue kamwe pawa saplai yenyewe. Ndani mna kapasita zinazohifadhi umeme wa hatari hata baada ya kuchomoa waya.
3. Gusa chuma cha kasha kisichopakwa rangi kabla ya kushika vipuri. Umeme tuli wa mwilini unaweza kuharibu RAM au prosesa bila wewe kuhisi.
4. Baadhi ya pawa saplai za zamani zina swichi ndogo ya kuchagua 115 au 230. Hapa kwetu ni lazima iwe 230. Ikiwa 115, pawa saplai itaungua mara tu utakapowasha.

7.3 Soma dalili

Si kila kompyuta yenye skrini nyeusi "haiwaki". Kuna dalili tatu:

- Dalili A: kimya kabisa. Hakuna feni wala taa. Njia ya umeme au ya hodi imekatika mahali fulani.
- Dalili B: feni huzunguka kidogo kisha huzima. Mara nyingi kuna shoti, na pawa saplai inajilinda.
- Dalili C: feni huzunguka lakini skrini ni nyeusi. Umeme upo. Chunguza RAM, waya wa umeme wa prosesa, na waya wa skrini. Kama kuna kadi ya picha, waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi hiyo, si kwenye ubao mama.

7.4 Hatua za kufuata

Hatua ya 1: Soketi na waya. Chomeka taa au chaja ya simu kwenye soketi ileile. Ikifanya kazi, soketi ni nzima. Plagi yenye pini tatu bapa huwa na fyuzi ndani, ikague. Jaribu pia waya mwingine. Waya wa skrini mara nyingi huwa wa aina hiyohiyo.

Hatua ya 2: Swichi ya nyuma. Alama ya I ni kuwasha, alama ya O ni kuzima.

Hatua ya 3: Nyaya mbili za ubao mama. Kuna waya mpana wa pini 24, na mwingine wa pini 4 au 8 unaoingia karibu na prosesa. Huu wa pili husahaulika sana. Sukuma kila mmoja mpaka kishikizo chake kilie "tak".

Hatua ya 4: Kitufe. Tafuta kwenye kijitabu cha ubao mama pini mbili za kitufe cha kuwashia. Chomoa waya wa kitufe, rudisha umeme, kisha gusanisha pini hizo mbili kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Zina volti ndogo, hazina hatari kwako, ila usiguse pini nyingine. Kompyuta ikiwaka, kitufe ni kibovu au waya wake ulikuwa kwenye pini zisizo zake.

Hatua ya 5: Toa ubao mama nje ya kasha. Chomoa umeme kwanza. Uweke juu ya katoni kavu. Unganisha pawa saplai, prosesa na feni yake, na RAM moja tu, kisha washa kwa bisibisi kama Hatua ya 4. Ukiwaka nje, ndani ya kasha kulikuwa na shoti. Kagua nguzo ndogo za shaba zinazoinua ubao: nguzo iliyozidi, isiyo na tundu lake, hugusa mgongo wa ubao. Rudisha vipuri kimoja kimoja, ukiwasha kila mara.

Hatua ya 6: Pima pawa saplai peke yake. Fanya hatua hii mbele ya mwalimu au fundi. Umeme ukiwa umechomolewa, tenganisha pawa saplai na vipuri vyote. Kwenye waya wa pini 24, unganisha pini ya 16 (waya wa kijani) na pini yoyote ya waya mweusi kwa klipu ya karatasi. Nyaya zote zikiwa nyeusi, tumia mchoro wa pini, usikisie. Kisha chomeka na uwashe. Feni peke yake haitoshi kuwa ushahidi, kwani baadhi hazizunguki mzigo ukiwa mdogo. Pima kwa multimita. Kiwango kinachokubalika ni asilimia 5 juu au chini:

- volti 12: kati ya 11.4 na 12.6
- volti 5: kati ya 4.75 na 5.25
- volti 3.3: kati ya 3.14 na 3.46

Zisipotoka kabisa, au zikiwa nje ya viwango hivi, sasa una haki ya kusema pawa saplai ni mbovu.

7.5 Mfano

*Swali:* Mwanafunzi ameunganisha kompyuta. Taa ndogo ya ubao mama inawaka, lakini akibonyeza kitufe hakuna kinachotokea. (i) Taja sehemu tatu zisizo na hitilafu. (ii) Eleza hatua inayofuata na sababu yake. (Alama 5)

*Jibu:* (i) Soketi, waya wa umeme na swichi ya nyuma ni nzima, kwa sababu volti 5 za kusubiri zimefika kwenye ubao mama. (Alama 3) (ii) Agusanishe pini mbili za kitufe kwa bisibisi (alama 1), ili ajue kama hodi haifiki kwa sababu ya kitufe au waya wake (alama 1).

*Angalizo:* Usiandike kwamba pawa saplai yote ni nzima. Taa hiyo inathibitisha volti 5 za kusubiri tu. Volti 12 huenda hazitoki.

7.6 Makosa ya watahiniwa

- Kubadilisha vitu viwili kwa pamoja. Ukibadilisha RAM na waya kisha kompyuta ikawaka, hutajua kilichoiponya.
- Kutaja kipuri kibovu bila kutaja kipimo kilichokithibitisha.
- Kuruka Hatua ya 1 na ya 2 kwa kuziona ni za kitoto.

7.7 Jipime

1. Kwa nini ubao mama huwekwa juu ya katoni na si juu ya bati?
2. Feni imezunguka nusu sekunde ikazima. Je, tatizo ni soketi? Toa sababu.
3. Umepima volti 12 ukapata 10.9. Unaamua nini?

*Majibu:* 1. Katoni kavu haipitishi umeme. Bati lingeleta shoti. 2. Hapana, umeme umefika kwenye feni, tafuta shoti. 3. Iko chini ya 11.4, hivyo pawa saplai ni mbovu; ibadilishwe.