Kobe Safarini

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika Biolojia tumefundishwa kwamba kobe, nyoka, kenge na mijusi ni wa jamii moja, nao huitwa reptilia. Leo nataka kueleza jambo moja tu juu yao, yaani jinsi ya kusafiri na mnyama wa jamii hiyo bila kumdhuru. Mimi nalijifunza jambo hili kwa hasara kabla sijalisoma darasani.

Nilipokuwa darasa la tano nalimwokota kobe shambani kwa babu, karibu na Kondoa. Likizo ilipokwisha nikamtia katika boksi la karatasi, nikalifunga kwa kamba, nalo likawekwa chini ya basi pamoja na mizigo. Sikutoboa tundu hata moja. Tulipofika Dodoma mchana boksi lilikuwa la moto, na kobe amekwisha kufa. Baba hakunipiga. Alisema tu, "Angalikuwa mbuzi angalilia, nasi tungalimsikia. Huyu hakuwa na sauti ya kukuambia."

Kwa nini alikufa? Mwili wa mtu, wa mbuzi na wa kuku hujitengenezea joto lake, na joto likizidi mtu hutoka jasho na kuku hutweta. Reptilia sivyo. Joto la mwili wake hufuata joto la mahali alipo. Akiona baridi huota jua. Akiona joto hukimbilia kivulini. Ukimfungia ndani ya boksi umemnyang'anya jua na kivuli pia, na uhai wake umo mikononi mwako. Tena motokaa iliyofungwa na kuachwa juani yaweza kufika joto la nyuzi 50.

Sasa tazameni mfano mwema. Mwaka 1780 huko Uingereza, kasisi Gilbert White, aliyependa sana kuchunguza viumbe, alirithi kobe wa shangazi yake, jina lake Timothy. Mwezi wa Machi kobe alikuwa angali ardhini katika usingizi wa majira ya baridi. White akamfukua, akampakia katika sanduku pamoja na udongo, akasafiri naye kwa gari la farasi maili 80, yaani kilometa 130 hivi, mpaka kwake Selborne. Mtikisiko wa gari ulimwamsha. Alipofunguliwa alitembea mara mbili mpaka mwisho wa bustani. Jioni baridi ilipoingia akajifukia tena. Kobe huyo aliishi mpaka mwaka 1794.

Basi, mwenye kusafiri na reptilia yafaa ashike haya:

1. Sanduku liwe imara, lenye matundu ya hewa, wala lisiwe kubwa mno hata mnyama akaviringika ndani yake. Chini tandika nyasi kavu au karatasi.

2. Nyoka atiwe kwanza katika mfuko wa kitambaa uliofungwa vizuri, kisha sandukuni.

3. Usimshibishe karibu na safari. Nyoka aliyeshiba akisumbuliwa aweza kutapika.

4. Sanduku likae karibu nawe, kivulini, wala lisiwekwe penye mizigo wala karibu na injini. Litazame kila mara, maana aliyemo hataita.

5. Ukimshika, nawa mikono kwa sabuni, kwa kuwa reptilia wengi huchukua vijidudu vya salmonela, viletavyo ugonjwa wa kuhara.

Mwisho, masharti haya ni kwa mwenye kibali. Hapa Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kukamata mnyama wa porini bila ruhusa. Kwa hiyo kosa langu la kwanza halikuwa boksi, lilikuwa kumwokota. Nawasihi wenzangu, hasa wadogo wa kidato cha kwanza: mkimkuta kobe njiani mwacheni aendelee na safari yake.