Keki ya Kakao Bila Tanuri

Watu wengi hapa Arua na kule Koboko hudhani keki ni kazi ya mwenye tanuri. Sivyo. Sigiri moja, sufuria kubwa na mchanga mkavu vyatosha, mradi mpishi ajue sababu ya kila alifanyalo. Maana mayai na siagi si vitu vya kuchezea. Nyumba nyingi huviwekea mgeni au mgonjwa. Mwenye kuviunguza ameunguza chakula cha watu.

ASILI YAKE

Mkakao ni mti wa Amerika. Wahispania walileta kakao Ulaya katika karne ya 16, na mwaka 1828 Van Houten wa Uholanzi alipata hati ya njia ya kukamua mafuta yake, ndipo unga wa kakao ukaanza kuuzwa. Keki yetu hii Wamarekani huiita brownie, kwa rangi yake ya kahawia. Fannie Farmer wa Boston aliieleza katika kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1906. Wala tusidhani kakao ni kitu cha ng'ambo tu: hulimwa hapa Uganda, hasa Bundibugyo, karibu na milima ya Rwenzori.

VITU VITAKIWAVYO

Siagi gramu 125, sukari kikombe 1, kakao robo tatu ya kikombe, mayai 2, unga wa ngano nusu kikombe, chumvi kidogo, karanga zilizokaangwa au simsim, konzi moja. Kikombe kiwe cha mililita 250, kisawazishwe kwa kisu.

NAMNA YA KUPIKA

1. Tia mchanga katika sufuria kubwa, kina cha vidole vitatu, na juu yake mawe madogo matatu yaliyo makavu. Usitumie mawe ya mtoni, huweza kupasuka. Funika, weka juu ya sigiri kwa dakika 20. Kisha weka kipande cha karatasi nyeupe juu ya mawe, ufunike tena. Ikigeuka kahawia hafifu kwa dakika 5, moto ni sawa. Ikiwa nyeusi, punguza makaa.

2. Yeyusha siagi, iepue, koroga pamoja na sukari, kakao na chumvi. Ngoja ipoe hata uweze kushika chombo. Mayai yakikuta moto mkali yataganda vipande vipande.

3. Tia mayai moja moja, ukipiga kwa nguvu mpaka rojo ing'ae.

4. Tia unga, koroga mpaka weupe upotee, basi, acha. Ngano ikikorogwa sana huvutika kama mpira, na keki huwa ngumu.

5. Mimina katika mkebe wa upana wa sentimita 20 uliopakwa siagi, nyunyiza karanga, uweke juu ya mawe. Funika, tia makaa machache juu ya kifuniko. Usifunue kabla ya dakika 25.

6. Choma kijiti katikati. Kikitoka na rojo mbichi, ngoja. Kikitoka na chembe chache zenye unyevu, epua mara moja. Kikitoka kikavu, umechelewa.

7. Acha ipoe kabisa, ndipo ukate vipande 16.

KWA NINI HUWA LAINI

Siri ni kwamba unga ni mdogo, sukari na siagi ni nyingi. Sukari hushika maji, tena huchelewesha yai kuganda, kwa hiyo katikati hubaki na unyevu. Mpishi mgeni akiona unga kidogo huongeza, akidhani anaongeza keki. Kumbe anaongeza ukavu.

FAIDA

Wengine watasema jiko ni la wasichana. Wazee wengi wa West Nile walilitumikia jeshi la King's African Rifles, na wapishi wa jeshi lile walikuwa wanaume. Hakuna aliyewacheka wakati wa kula.

Tena kazi hii yaweza kumlisha mtu sokoni, lakini kwa hesabu. Andika bei ya kila kitu, hata makaa na karanga, ugawanye kwa 16. Hiyo ndiyo bei ya kipande kimoja bila faida. Ukiuza chini yake unagawa mali yako. Na makaa yakibaki, injika maharage. Miti yetu haioti kwa siku moja.

ZOEZI

(a) Kwa nini siagi ipoe kabla ya kutia mayai?
(b) Kijiti kikavu kinaonyesha nini?
(c) Uliza bei katika soko lililo karibu nawe, utafute gharama ya kipande kimoja.