TAJIRI, MALI UNAYO. JE, UMEITWA KWA KAZI GANI?



Umepewa karatasi hii hapa Kisawasawa, pengine una haraka ya kurudi Ifakara kwenye mashine yako ya kukoboa mpunga. Ghala limejaa. Fuso linapakia mchele wa Dar es Salaam. Vijana wanakuita "bosi". Lakini usiku, ukishahesabu pesa, moyo unauliza: "Halafu?"

Usiunyamazishe. Mungu anasema na wewe.

Soma Luka 12:16-21. Tajiri yule alivuna sana, akapanga kubomoa ghala ajenge kubwa zaidi. Angalia, Biblia haisemi aliiba. Kosa lake, katika mipango yote alijiona yeye tu. Jirani hayumo, kibarua hayumo, Mungu hayumo. Usiku ule ule akaitwa.

Sasa soma Luka 19:1-10. Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru. Yesu alipoingia kwake, wokovu ulionekana kwenye hesabu zake: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu kumrudishia mara nne. Hatusomi kwamba aliambiwa aache kazi. Kilichobadilika ni bwana wa ile kazi.

Reginald Mengi, mwenye makampuni ya IPP, alifariki tarehe 2 Mei 2019. Viwanda aliviacha hapa hapa. Lakini walemavu walimlilia, maana miaka mingi aliwaalika wale naye chakula. Na watoto wenye ugonjwa wa moyo aliwasaidia wakatibiwe India. Matendo mema hayanunui wokovu, ila yanatufundisha kuwa mali ni chombo tu, siyo mwisho wa safari.

Basi ujipime:

1. Je, unanunua kwa lumbesa? Ule mpunga wa juu ya gunia ni jasho la mjane.

2. Wakati wa njaa, mkulima akija kuuza mpunga ungali mbichi shambani, unamsaidia au unamkamua?

3. Vibarua wako unawalipa siku ile ile? Soma Kumbukumbu la Torati 24:14-15.

Ndugu, usiseme umeokoka Jumapili, huku Jumatatu mzani wako bado unadanganya.

Sali hivi kwa imani: "Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimeitumikia pesa. Nisamehe, ingia moyoni mwangu. Biashara hii ni yako, mimi ni wakili wako tu. Nionyeshe niliyemdhulumu, nami nitamrudishia. Amina."

Umesali? Njoo mbele, watumishi wakuombee. Na kesho asubuhi, kabla hujafungua mashine, nenda kwanza kwa yule uliyemdhulumu.

Mungu akubariki.